Kahawa ndani ya Stauti: Nimeionja Breakfast Stout ya Founders

Bia nyeusi iliyopikwa vizuri hunukia kahawa hata kama haikutiwa punje moja ya buni, na hilo ndilo linalomfanya mtu aliyelelewa na kahawa aikaribie kwa tahadhari bia inayojitangaza kwenye chupa kwamba ina kahawa ndani yake. Mimi nimezaliwa Marangu, katika kihamba ambamo mikahawa ilisimama chini ya migomba, na ada yangu ya shule ililipwa kwa buni. Kwa hiyo nilipoanza kununua Breakfast Stout ya kiwanda cha Founders hapa Michigan, Marekani, sikuwa na haja ya kuuliza kama ni bia nzuri, kwa maana uzuri wake umekwisha kusifiwa na wengi. Nilitaka kujua kama kahawa iliyomo hujulikana kinywani kuwa ni kahawa, au imezama katika weusi wa kimea na kubaki jina tu. Maelezo haya yanatokana na chupa za katoni moja nilizozionja kwa jioni tatu za mwezi wa Januari, pamoja na chupa nyingine ya zamani ambayo nitaieleza mahali pake.

Founders ilianzishwa mwaka 1997 na Mike Stevens na Dave Engbers katika mji wa Grand Rapids, na Breakfast Stout ni miongoni mwa bia zilizokitangaza kiwanda hicho mbali na jimbo lake. Ni stauti, yaani bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, yenye kilevi cha asilimia 8.3 na uchungu wa 60 kwa kipimo cha IBU wanachotumia wapishi wa bia, iliyopikwa kwa nafaka ya oti zilizopondwa pamoja na shayiri, ikatiwa chokoleti, na kahawa ya aina mbili, ya Sumatra kule Indonesia na ya Kona kule Hawaii. Jina lake la kifungua kinywa limetokana na vitu hivyo, kwani oti kwa Wamarekani ni uji wa asubuhi, na kwenye nembo amechorwa mtoto mdogo anayekula bakuli lake kwa kijiko. Huuzwa chupa nne kwa katoni, kila moja ya mililita 355, wakati katoni ya bia za kawaida huku huwa na chupa sita, na nadhani upungufu huo ni wa haki, kwa kuwa bia hii haikutengenezwa kwa mtu mwenye kiu. Si bia ya kwanza ya namna yake: mwaka 1995 kiwanda cha Redhook cha jimbo la Washington kilikuwa kimekwisha kutoa stauti iliyotiwa kahawa ya kampuni ya Starbucks. Hata hivyo, ninapozungumza na wapenzi wa bia hapa nilipo, ni hii ya Founders inayotajwa kwanza kama kipimo cha kulinganishia nyingine.

Ili kuihukumu kwa haki, ni lazima kwanza mtu ajue kwa nini stauti zote hunukia kahawa. Shayiri ya kupikia bia huloweshwa hadi ichipue, kisha hukaushwa na kuwa kimea, na kimea hicho kikikaangwa kwa moto mkali huwa cheusi na chungu kwa njia ile ile inayoigeuza buni ya kijani kuwa kahawa ya kahawia: sukari na protini zilizomo kwenye punje huungana katika joto na kuzaa mamia ya harufu, nyingi kati yake zikiwa ni zile zile kwa shayiri na kwa buni. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto kwa ajili ya kukaanga kimea bila kukigeuza mkaa, na yeyote aliyewahi kuona pipa la kukaangia kahawa ataona kwamba vyombo hivyo viwili ni ndugu. Mama yangu alikaanga kahawa kwenye chungu kipana, akiikoroga kwa mwiko bila kupumzika, na siku moja aliponipa mahindi niyakaange kwenye chungu hicho hicho nikayasahau yakaungua, nyumba nzima ilinukia kitu kilichokuwa katikati ya kahawa na mkate. Stauti isiyo na kahawa hunukia hivyo hasa.

Kwa sababu hiyo sikuionja Breakfast Stout peke yake. Nilimimina pembeni yake stauti ya Guinness Foreign Extra, ambayo haina kahawa lakini ina shayiri iliyokaangwa na kilevi cha asilimia 7.5 kwa ile inayouzwa Marekani, nikamwalika shemeji yangu, ambaye ni Mhaya wa Bukoba na aliyezoea tangu utotoni kutafuna punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya kienyeji na kukaushwa. Sikumwambia bilauri ipi ni ipi. Aliziinamia moja baada ya nyingine, akanyamaza kwa muda, kisha akaisogeza ya kulia. “Shemeji, hii imekaangwa,” akasema, “na hii nyingine imeungua.” Ile aliyosema imekaangwa ndiyo ilikuwa Breakfast Stout, na sijapata kusikia maneno mawili yanayoeleza tofauti hiyo vizuri zaidi ya hayo.

Bia yenyewe ni nyeusi kabisa. Ukiiinua mbele ya taa haipitishi mwanga ila ukingoni, ambako kuna utepe mwembamba mwekundu uliokolea kama juisi ya rosela. Povu lake lina rangi ya mdalasini, ni zito, na lilishuka polepole likiacha duara baada ya duara kwenye kioo kila nilipokunywa. Povu hilo lilinishangaza, kwa sababu mafuta ya kahawa ni adui wa povu, na kahawa ikitiwa kwa pupa huiacha bia ikiwa tambarare kama chai iliyosahaulika mezani. Nadhani oti zimesaidia kulishikilia.

Chupa ya kwanza niliimimina moja kwa moja kutoka kwenye jokofu, na hilo lilikuwa kosa langu. Katika baridi ile nilipata uchungu na utamu wa sukari iliyoungua, nikapata chokoleti kwa mbali, na kama ningeishia hapo ningeandika kwamba kahawa ni jina tu. Lakini nilikuwa nimeiacha nusu ya bilauri mezani nikihudumia simu kutoka nyumbani, na niliporudi baada ya dakika kama ishirini nilikuta bia nyingine kabisa. Harufu iliyopanda ilikuwa ya kahawa iliyosagwa sasa hivi, si ya kahawa iliyokwisha kupikwa: ile harufu kavu, tamu kidogo, inayotoka kwenye kopo mara tu unapofungua kifuniko. Chini yake kulikuwa na kitu cha udongo na magome, ambacho mtu anayeijua kahawa ya Sumatra atakitambua upesi. Tangu jioni hiyo nimekuwa nikiitoa chupa kwenye jokofu nusu saa kabla ya kuifungua, na namshauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa joto la nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi ndilo linaloifungua bia ya namna hii.

Kinywani huanza na ulaini. Oti hutoa ute unaoifanya bia iteleze kama uji uliochujwa, na ulaini huo huupokea uchungu usichome. Kisha chokoleti huja, nayo ni chokoleti nyeusi isiyo na maziwa, ikikaa katikati ya ulimi kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda. Hapa hukumu yangu ni tofauti kidogo na ya wapenzi wengi wa bia hii: laiti chokoleti ingepunguzwa, kahawa ingepumua zaidi katikati ya funda. Lakini ukishameza, mambo hugeuka. Kile kinachobaki kwenye paa la kinywa na nyuma ya ulimi ni kahawa tupu, na hubaki kwa dakika nzima, ikiwa na uchungu safi usio na ukakasi. Wanaoionja kahawa kwa kazi huipa alama pia kwa kile inachokiacha baada ya kumezwa, na kwa kipimo hicho sina shaka kwamba kahawa imo na kwamba ilitiwa na watu wanaoiheshimu.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao sikuutafuta. Bilauri zile mbili zililala mezani bila kuoshwa, na asubuhi nilipozinusa, ile ya Guinness ilikuwa na harufu ya ganda la mkate, wakati ile ya Founders ilikuwa na harufu ya kikombe cha kahawa kilichokauka, pamoja na mstari wa kahawia chini kabisa ambao niliufuta kwa kidole.

Kutokuwepo kwa ukakasi ndiko kunakonifanya niizungumzie namna kahawa inavyotiwa kwenye bia, maana hapo ndipo viwanda vingi hukosea. Mpishi wa bia anaweza kuitia kahawa kwenye sufuria wakati maji ya kimea yanachemka, na atapata uchungu mwingi na harufu kidogo, kwa sababu mvuke huondoka nayo na moto huvuta kutoka kwenye unga wa kahawa vile vitu vinavyokausha ulimi. Anaweza pia kusubiri hadi hamira imalize kazi yake, kisha aiongeze kahawa iliyoloweshwa kwa maji baridi usiku kucha, au aziweke punje zilizokaangwa ndani ya tangi zikae humo saa kadhaa au siku moja mbili. Njia hizi za baridi huleta harufu na ladha bila kuleta ukali. Kwa mtu wa pwani aliyezoea kahawa chungu ya kwenye mdila, inayochemka juu ya makaa na kunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, wazo la kuilowesha kahawa kwenye baridi laweza kuonekana geni, lakini kashata ipo palepale kwa kazi maalumu ya kuupunguza ukali huo, na bia haina kashata.

Uchaguzi wa kahawa zenyewe nao unahitaji kuelezwa. Huko Sumatra wakulima huondoa ganda la ndani la buni wakati punje bado ina unyevu, kisha huianika ikiwa uchi, tofauti na sisi wa Kilimanjaro ambao huimenya, huiacha ichachuke, huiosha, na kuianika ikiwa bado ndani ya ganda lake. Njia ya Sumatra huzaa kahawa nzito, yenye uchachu mdogo sana na ladha ya udongo. Kona hulimwa Hawaii, kwenye miteremko ya milima ya volkano ya Hualālai na Mauna Loa, ni kahawa laini na ya bei kubwa, na nafikiri kazi yake humu ni kuilainisha Sumatra kuliko kusikika peke yake, kwa maana nimeitafuta kwa makini jioni zote tatu na sikuweza kuitenga.

Nilitaka kujua kwa nini hawakuchagua kahawa yenye uchachu kama yetu, kwa hiyo shemeji nami tulifanya jaribio dogo jioni ya pili. Nilikuwa na kahawa ya Kilimanjaro niliyoletewa, iliyokaangwa kiasi cha kati. Nililowesha vijiko vitatu vya unga wake katika kikombe cha maji baridi kwa saa kumi na nne, nikachuja kwa kitambaa, kisha nikatia vijiko viwili vya chakula vya maji hayo katika bilauri ya Guinness. Funda la kwanza lilikuwa la kupendeza sana: uchachu ulichomoza juu ya weusi kama tone la ndimu ndani ya supu ya mchuzi mzito, na shemeji alikunja uso kisha akatabasamu. Funda la tatu halikuwa zuri tena. Uchachu wa kahawa ulikutana na uchachu wa shayiri iliyokaangwa, vikaongezana, na kinywa kikawa kama kimelambishwa sarafu. Ndipo nilipoelewa kwamba kuichagua Sumatra kwa stauti ni uamuzi wa mpishi anayejua anachokifanya, maana stauti imekwisha kuwa na uchachu wake na inahitaji kahawa isiyoshindana nayo.

Hilo halina maana kwamba kahawa ya Afrika Mashariki haifai kwa bia. Kiwanda cha Meantime cha Greenwich, London, kiliwahi kutengeneza bia kwa kahawa ya Maraba kutoka kusini mwa Rwanda, nayo ni kahawa ya kuoshwa kama yetu. Kinachotakiwa ni bia yenye kimea kisichokaangwa sana, nyekundu au ya kahawia, ambamo uchachu utakuwa mgeni wa pekee na si wa pili. Na sisi watu wa mlimani hatuhitaji kufundishwa kwamba kileo huhitaji uchungu wa kukisawazisha, kwani mbege ya ndizi mbivu na ulezi hutiwa gome la msesewe kwa kazi hiyo hiyo ambayo Wazungu huyatumia maua ya hopsi. Natamani sana kuona mpishi wa bia wa Moshi au Arusha akiichukua kahawa inayoota hatua chache kutoka mlangoni kwake na kuitafutia bia inayoifaa.

Sasa nirudi kwenye chupa ya zamani. Mwaka juzi nilinunua chupa moja ya bia hii katika duka ambalo sitalitaja, iliyokuwa imesimama kwenye rafu karibu na dirisha, na niliisahau kabatini hadi juma lile nililokuwa nikionja hizi nyingine. Tarehe ya kujazwa ilionyesha kwamba ilikuwa na miezi kumi na minne. Nilipoifungua, harufu ya kahawa haikuwepo, na mahali pake palikuwa na harufu ya pilipili hoho mbichi iliyokatwa, wazi kabisa, hata mke wangu aliyekuwa jikoni akauliza nani anakata hoho. Watengenezaji na wapenzi wa bia za kahawa wanaijua dalili hii: kahawa ikikaa muda mrefu ndani ya bia, harufu zake njema hutoweka na zile za kijani hujitokeza. Bia nzito nyeusi huhifadhiwa na watu wengi kwa miaka kama divai, na kuna zinazostahili, lakini yenye kahawa haina faida ya kungoja. Anayeinunua na asome tarehe kwanza, achukue iliyojazwa karibuni, ya miezi mitatu au minne ikiwezekana, na aikatae iliyosimama kwenye mwanga.

Kuhusu kafeini nitasema machache. Imo, lakini ni kidogo, na mimi nililala usingizi wangu wa kawaida. Ni tofauti na vile vinywaji vyenye kafeini iliyoongezwa ambavyo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji wake mwezi Novemba 2010, kwa sababu vilimficha mnywaji ulevi wake mwenyewe. Cha kuangalia humu ni asilimia 8.3 hiyo. Ulaini wa oti huificha, na chupa moja ya mililita 355 ina kilevi kinachozidi cha chupa moja na nusu ya bia ya kawaida ya ujazo huo huo. Sisi tuligawana chupa moja kwa watu wawili kila jioni, na ilitosha.

Kwa upande wa chakula, nilianza na nyama ya mbuzi ya kuchoma, na mahali nyama ilipoungua kidogo palishikana na bia vizuri ajabu. Kashata ya karanga ilikwenda nayo vizuri zaidi, hasa ile iliyochelewa kuepuliwa hadi sukari yake ikawa nyekundu. Keki ya chokoleti, ambayo wengi huipendekeza, kwangu haikufaa, kwa kuwa ilizidisha kile kile ambacho bia hii inacho kingi tayari.

Jioni ya tatu shemeji alikunywa nusu yake polepole bila kusema kitu, kisha akaniomba chupa ya nne aende nayo kwa mzee wao aliyekuja kutoka Bukoba kuwatembelea, anayeitafuna kahawa kila siku na asiyeamini kwamba yaweza kukaa vizuri ndani ya bia. Nilimpa, nikamsisitizia asiiweke kwenye jokofu. Jumamosi nimenunua katoni nyingine, ya bia iliyojazwa majuma matano yaliyopita, na safari hii nimeihifadhi kwenye sakafu ya kabati, gizani.